Nyumba Kumi na Mbili, Mbuzi Mmoja

Sitaficha kitu, maana Kibra nzima ilikuwepo, na mpaka leo kuna watu wakiniona wanalia kama mbuzi.

Nilikuwa mwalimu wa darasa la pili, mimi ambaye shule niliiacha darasa la sita (iliniacha, tuseme ukweli), na wakati huo kamati ya wazazi ilikuwa imechoka na watoto wanaochelewa, inataka watolewe, wengine wapewe nafasi. Mwalimu mkuu akasema hatoki mtu kabla hatujajua kwa nini wanachelewa, kwa hivyo kila mwalimu aende kwa watoto wake, nyumba kumi na mbili, aone asubuhi yao ikoje, aandike, halafu asome mbele ya wazazi na walimu wenzake. Huo aliuita uchunguzi.

Nikaanzia kwa Haboba Zenabu (haboba ndiyo bibi, kwa Kinubi), anayelea mjukuu wake Halima. Huyo Halima alichelewa kwa sababu anapenda kulala, basi. Lakini Haboba alinipa gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, za moto kutoka kwa kikaango, na chai ya maziwa, na habari za marehemu mzee wake aliyekuwa askari, nikasema nyumba ya pili nitaenda kesho. Kesho yake gurusa zilikuwa na asali. Wiki mbili, ndugu zangu, sikuvuka mlango mwingine. Siku ya mkutano, asubuhi, nikachukua daftari nikaandika nyumba kumi na mbili, nikibadilisha jina la mtoto tu, na nikajiona nina akili sana.

Wazazi walijaa darasani, wamekaa kwa madawati ya watoto, magoti yamefika kidevuni. Mwalimu Njoroge akasoma kwanza, ya watoto wake wanaotoka Kawangware, mvua ikinyesha wanangoja mto upungue ndiyo wavuke. Watu wakatikisa kichwa. Halafu mimi.

Nikasoma nyumba ya kwanza: mtoto anaamshwa, anakunywa chai, anakula gurusa, nje kuna mbuzi wa pembe moja, hana sababu ya kuchelewa. Nyumba ya pili: chai, gurusa, mbuzi wa pembe moja, hana sababu. Kufika ya tano mzee mmoja nyuma akauliza polepole, "Mwalimu, huyo mbuzi mnatembea pamoja?"

Watu wakacheka. Ningenyamaza hapo. Lakini wapi, nikajibu mbuzi wa pembe moja ni wengi huku Kibra.

Haboba Zenabu akakohoa. "Ni mmoja," akasema. "Ni wangu."

Darasa likavunjika kwa kicheko. Mtu ambaye hakucheka ni Mama Kaisi, aliyesimama akangoja kelele ziishe.

"Mwalimu, kwangu hujafika. Kaisi anapeleka maziwa kwa wazungu jua halijatoka, anarudisha mikebe, ndiyo anakuja shule. Hiyo chai uliyoandika, yeye hajaionja. Sasa atolewe kwa sababu ya karatasi yako?"

Mwalimu mkuu akachukua daftari langu, akamwomba yule mama msamaha kwa niaba ya shule, akasema hatolewi mtoto hata mmoja mpaka nianze upya, na nianzie kwa Mama Kaisi, kesho alfajiri.

Nikaenda. Kaisi akanipa mkebe mzito (miaka tisa, huruma hana), tukapita kila geti, mbwa wa wazungu wakanijua kwa kuning'ata suruali, na tulipofika shule kengele ilikuwa imelia zamani. Mwalimu mkuu akatuangalia, akatuonyesha mstari wa wachelewaji. Sisi wote wawili. Nikasimama hapo nanuka maziwa, darasa langu linachungulia dirishani, Kaisi akaninong'oneza, "Simama wima, Mwalimu, ndiyo mkuu anatuachilia haraka."

Mkutano wa pili nilisoma nyumba kumi na mbili za kweli, hakuna iliyofanana na nyingine. Kamati ikakubali watoto wanaopeleka maziwa waingie kipindi cha pili, na hakutolewa mtu.

Tangu siku hiyo siandiki nyumba ambayo sijavuka kizingiti chake. Na Haboba akinialika gurusa, nakula, sitakataa, lakini nakula nimesimama mlangoni, mguu mmoja nje.