Pepo Aliyesema Kiswahili

Tuliokuwepo siku ile Sidab, kijiji cha wavuvi karibu na Maskati, ni hawa: ami yangu, aliyekuja kulinda gharama zake, mke wake, Mmaskati wa kuzaliwa, aliyejipamba kama anakwenda harusini, mama wa zari, yaani mganga wa kupunga pepo, ambaye nyumba ilikuwa yake, wanawake wake wawili wa ngoma, mdogo wangu aliyekuwa mgonjwa, na mimi. Kitindamimba wetu tulimwacha kwa jirani. Maalim wa mtaani kwetu na muuza dawa wa Matrah hawakuja, lakini walikuwemo vilevile: kombe la maalim, yaani maji yaliyooshewa aya za Kurani, lilikuwa tumboni mwa mdogo wangu tangu asubuhi, na sindano ya muuza dawa ilikuwa imemvimbisha mkono tangu juzi.

Ulikuwa mwaka wetu wa pili Maskati. Baba hakurudi nyumbani katika siku za mapinduzi kule Unguja, na mama alikufa kwa homa kabla hatujapata meli. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa wa watatu. Skuli niliiacha mapema ili nimsaidie mama, kwa hiyo nyumbani kwa ami hakuna aliyeniuliza nafikiri nini. Waliniuliza kama chai iko tayari.

Mdogo wangu alianza kwa kukosa usingizi. Kisha akaacha kula. Kisha akahamia ghala la tende, akawa anakaa humo kutwa, uso umeelekea magunia, akizungumza na mama. Alizungumza Kiswahili tu, katika nyumba ambayo ami alikipiga marufuku Kiswahili kwa kuwa eti kinamtia aibu mbele ya wageni. Ami mwenyewe alikulia Unguja. Alicheza gololi mitaa ileile tuliyocheza sisi.

Kila mmoja alikuwa na jina la maradhi kabla ya kumtazama mgonjwa. Maalim alisema ni jicho la hasidi. Muuza dawa alimwangalia kucha, akasema ni damu nyepesi. Mke wa ami alisema ni pepo wa zari, na kwamba yupo mama Sidab anayewajua wote kwa majina. Ami alisema ni uvivu, lakini majirani walikuwa wameanza kuuliza, kwa hiyo akaamua kumtibu.

Nilimwomba jambo moja. "Ami, tujaribu dawa moja, tusubiri tuone. Isipofaa, tujaribu nyingine."

Alicheka mpaka akakohoa. "Umekuwa daktari wewe? Skuli yenyewe ilikushinda! Tutazitia zote kwa pamoja. Moja itampata."

Ndivyo alivyofanya, katika juma moja. Mtu huyu, dukani kwake, alikuwa akipima kitambaa mara tatu kabla ya kukikata.

Tukavuka kilima kwa miguu mpaka Sidab. Mama wa zari alimkalisha mdogo wangu katikati ya chumba, akamfunika shuka nyeupe, akamfukiza ubani wa namna moja baada ya mwingine, huku akimnusa mgonjwa kama mtu anayechagua samaki. Ngoma zikapigwa muda mrefu. Mdogo wangu, ambaye hakuwa amelala wala kula, aliyumba, akaanguka ubavu. Wakashangilia.

"Nani wewe?" mama wa zari akamwuliza kwa Kiarabu.

"Niacheni nilale," akajibu mdogo wangu kwa Kiswahili.

Mama wa zari akamgeukia mke wa ami, uso unang'aa. "Huyu pepo wa Kiswahili! Anatoka bara la Afrika. Sikukwambia?"

Nikasema, "Mama, huyo ni yeye mwenyewe. Hiyo ndiyo lugha yetu. Anasema mumwache alale."

"Binti, mimi nina wagonjwa ambao hawajatoka hapa Sidab tangu kuzaliwa. Wakipandwa, wanasema lugha hiihii. Majini wote wa huko wanasema hivi."

"Na watu wote wa huko wanasema hivi."

Mmoja wa wapiga ngoma akaficha kicheko nyuma ya ngoma yake. Mke wa ami akanifinya. "Nyamaza! Utamkasirisha."

Nikamgeukia ami. "Ami, si unasikia? Waambie anasema nini."

Akatazama mlango. "Mimi Kiswahili nimekisahau."

Nimewasikia watu wengi wakisema uongo maishani mwangu, wengine kwa njaa, wengine kwa hofu. Uongo mwepesi na wa bei rahisi kama ule sijapata kuusikia tena.

Nikamwinamia mdogo wangu, nikamwuliza kwa Kiswahili, "Wewe nani?"

Akafungua macho. "Dada, kwani hunijui?"

Nikawafasiria. Mama wa zari akapiga makofi. "Mnaona? Amekwepa. Pepo hapendi kutaja jina."

Nikamsihi mdogo wangu ataje jina. Akalitaja jina lake la kuzaliwa, akaongeza la baba na la babu, taratibu, kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mjanja huyo," akasema mama wa zari. "Amejificha ndani ya jina la kiti chake." Kiti ndivyo walivyomwita mtu anayepandwa.

Basi nikaelewa kwamba hapakuwa na neno ambalo mdogo wangu angelisema likamtoa huyo pepo. Akitaja jina ni pepo, asipotaja ni pepo. Akilia, pepo analia. Akinyamaza, pepo amenuna. Huko ndiko walikokuita kuchunguza.

Hukumu ikatoka palepale. Mdogo wangu atabaki Sidab, katika nyumba ile, mpaka pepo aridhike. "Miezi?" nikauliza. "Wengine miaka," akasema mama wa zari, bila haya. Ami tayari alikuwa amesimama anakung'uta kanzu. Machoni pake mdomo mmoja wa kulisha ulikuwa umekwisha kupungua.

Nikamshika mdogo wangu mkono. "Habaki."

"Wewe nani wa kusema habaki?" ami akafoka, kwa Kiarabu safi.

"Mimi mkubwa wao. Akibaki yeye, nabaki na mimi, na kitindamimba nitamleta kesho. Wewe utawaeleza majirani."

Majirani ndio waliomshinda. Mama wa zari, alipoona hivyo, akatengeneza njia yake. Tumchukue. Akizidiwa, tumrudishe kwake, naye hatatoka tena. Akipona, basi pepo amekubali kuondoka kwa mkopo, na tutakuwa tunadaiwa kondoo dume mweupe na karamu. Akizidiwa, amepata mtu. Akipona, amepata kondoo. Nikakubali kwa mdomo, maana nilitaka mlango.

Nyumbani nilimtoa ghalani, tukawa tunalala naye darini penye upepo, mimi upande mmoja na kitindamimba upande mwingine. Nilizungumza naye Kiswahili, ami apende asipende. Alipozungumza na marehemu mama sikumkataza. Nilimwuliza mama kasema nini. Baada ya majuma kadhaa akaomba uji. Baada ya miezi akacheka.

Sijui kilichomponya. Nasema hivyo kwa sababu katika mkasa ule hakuna mwingine aliyewahi kusema hivyo. Huenda ni dari, huenda ni wakati. Miaka mingi baadaye daktari wa maradhi ya akili alinieleza kwamba tiba hupimwa kwa kuwapa wagonjwa fulani na kutowapa wengine wanaofanana nao, kisha watu husubiri. Nilimpenda kwa lile neno "husubiri". Ningemwambia ami, lakini alikuwa amekwisha kufa akiwa na uhakika wa kila kitu.

Lakini waganga wake walijua kilichomponya wakati uleule. Maalim alitangaza kombe lake msikitini. Muuza dawa aliwaambia wateja juu ya sindano yake. Mama wa zari alimtuma mtu kudai kondoo. Hapo ami, aliyekisahau Kiswahili kule Sidab, akapata imani ya ghafla katika kombe, kwa sababu kombe lilikuwa limekwisha kulipiwa. "Pepo gani?" akamwambia mjumbe. "Mtoto kaponywa na maandiko."

Nilikuwa wa kwanza kufurahi, mpaka mdogo wangu aliponijia jikoni.

"Dada, tulipe."

"Unaamini ulikuwa na pepo?"

"Siamini. Lakini siku nikiumwa kichwa, nikikosa usingizi usiku mmoja, watasema ni lile deni. Watanipeleka kule."

"Na tukilipa, tumekiri. Utakuwa kiti chake maisha."

"Kwa hiyo nifanye nini?"

"Lala. Ukikosa usingizi, niamshe mimi, usimwamshe mtu mwingine."

Aliniamsha mara nyingi, na hakuna aliyejua. Mwaka wa sabini, sultani mpya aliposhika nchi na milango ya mji, iliyokuwa ikifungwa kila usiku, ikaachwa wazi, mjumbe wa Sidab alikuwa bado anakuja. Nilimpa kahawa na halua. Alikunywa, akafuta vidole, akauliza kama mgonjwa hajambo. Nikasema hajambo. Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, kwa kuwa hilo ndilo jibu lililompa haki ya kunidai, akaniambia bei ya kondoo dume mweupe wakati ule, kisha akaenda zake, na mwaka uliofuata akaja tena.