Panya, Kuvumwani na Ngeli ya Shemeji

Dada yangu anafundisha baiolojia, na kila mwaka huanza na swali lile lile. Huweka mezani panya aliyekaushwa na kujazwa pamba, kando yake kipande cha tofali chenye kuvumwani, kile kijani laini kinachoota kwenye kuta zenye unyevu. "Linganisheni," huwaambia. Wanafunzi huandika mkia, meno, manyoya, kisha huhitimisha: panya yuko hai, kuvumwani haiko hai. Hapo dada hupandwa na mori.

"Huyu alikufa kabla hamjazaliwa, mnamwita 'yuko'. Hii inakunywa maji mbele ya macho yenu! Mmedanganywa na ngeli."

Mimi humcheka. Kelele zote hizo kwa ajili ya uchafu wa ukutani!

Halafu mumewe, fundi redio, akapata kiharusi. Upande mmoja ukapooza, ulimi ukamgoma kabisa. Dada akamlaza sebuleni, kitanda kikasogezwa dirishani ili shemeji asikie watu wakipita. Maskini, mtu aliyekuwa haachi kuongea hata akiwa na skrubu mdomoni.

Kaka yake shemeji tunamwita Bwana Mipango, maana hakosi mpango wa nyumba ya mwenzake. Jumapili moja alikuja na vijana wawili wenye mabega mapana.

"Shemeji," alimwambia dada, kidole kikielekea kitandani, "hii tuihamishie stoo. Wageni wakija inawatia huzuni."

Dada akaweka bakuli la supu chini, taratibu. Nikajua kumekucha.

"Hii ni nini?"

"Si... kitanda."

"Kitanda ni hiki."

"Basi, hali hii."

"Hali haibebwi na watu wawili."

Vijana wakatazama viatu vyao. Bwana Mipango akajifuta jasho. Si mtu mbaya, ni mwoga wa magonjwa tu, na tangu afike hakuwa amemtazama ndugu yake usoni.

"Mwambie mwenyewe," dada akasema. "Sema 'wewe'."

Akainama. "Ndugu yangu, wewe..."

Midomo ya shemeji ikahangaika. Mate yakamtoka, na nyuma yake neno lililopinda, la kwanza tangu alazwe:

"Mimi."

Bwana Mipango akaketi sakafuni akalia, amemshika ndugu yake mkono uliopooza.