Fundi Asiyelia

Cheche, jina alilopewa karakanani, hakufeli mtihani. Nafasi ya chuo cha ufundi aliipata, akaikataa kwa kinywa chake mwenyewe.

"Baba, miaka miwili nichore chuma daftarini ya nini? Chuma chenyewe kiko kwa mjomba."

Na kweli, kwa mjomba alishika moto siku ileile. Mjomba alichomelea kwa miwani ya jua, na siri yake ilikuwa sikio.

"Usiukodolee macho, mpwa wangu. Usikilize. Ukilia kama mafuta ya kukaangia, chuma kimeshikana. Ukitema kama paka, umeharibu."

Jioni, macho yakiwasha kwa ule mwanga kama yamejaa mchanga, mjomba alimkatia vipande vya kiazi kibichi ayafunike. "Fundi asiyelia ni karani huyo!"

Cheche akalia miaka kumi na mmoja. Alikuwa fundi haswa, hakuna aliyebisha. Kisha doa likaingia katikati ya kila alichokitazama: mtu akawa masikio mawili, uso hakuna. Hakumwambia mtu. Mjomba naye siku hizo alikuwa akishikwa mkono kupelekwa chooni, akisema ni uzee.

Mdogo wake alikwenda chuo, akarudi kufanya kazi naye. Walitaniana kutwa.

"Dada, na miwani hiyo unakwenda ufukweni?"

"Nyamaza, wewe na ndoo yako kichwani."

Asubuhi moja Cheche alimaliza vyuma vya roshani, ghorofa ya tatu, nyumba ya watu wenye watoto. Mdogo mtu akaja kukagua. Akagonga kwa nyundo gamba lililoganda juu ya kiungo, akasukuma chuma kwa mguu. Chuma kikacheza.

"Dada, umechomea pembeni. Hapa havijagusana kabisa."

"Mbona sauti ilikuwa nzuri?"

"Ilikuwa nzuri, dada."

Akagonga cha pili. Cha tatu. Kisha nyundo ikanyamaza. Mdogo mtu akavua ile ndoo yake, kofia ya kuchomelea, akaja kusimama mbele yake, karibu kabisa.

"Nitazame. Nimecheka au nimenuna?"

Cheche akatazama. Masikio mawili, na kati yake moshi. Akabahatisha.

"Umecheka."

Akasikia kamasi zikivutwa.

Cheche hakungoja kuambiwa. Alinyoosha koleo la kuchomelea hewani, mpaka mkono wa mdogo wake ulipolipokea, akakaa chini kwenye saruji. Mdogo wake akaanza kurudia vyuma vyote, kimoja baada ya kingine, na Cheche akabaki akisikiliza.