Bundi wa Kitanda cha Harusi

Sutapa Sutradhar alianza na sanamu: wanawake wa mti walioinama, waliosifiwa na mabingwa wa sanaa wa Kolkata kwa maneno marefu, kisha wakaachwa palepale bila mnunuzi. Kwenye maonyesho yake ya mwisho, mgeni rasmi alichoshwa na hotuba yake mwenyewe, akamkalia mmojawapo. "Aaah," akasema. Wiki haikuisha, Sutapa akafungua karakana ya fenicha.

Oda yake ya kwanza kubwa, kitanda cha harusi, sasa ilikuwa ikikaguliwa na Kesardevi, mama wa bwana harusi, mfanyabiashara ambaye kwao ni Rajasthan. Kikikataliwa, karakana ndiyo imekwisha. Kaka yake Sutapa alishalimezea mate banda la karakana hiyo aweke saruji yake ya kuuza.

"Ndege gani hawa wawili kwenye ubao wa kichwani?"

"Bundi, mama." Sutapa alijibu kwa maringo. Kwao Wabengali, bundi ndiye kipando cha Lokkhi, mungu wa neema. Bundi akiingia ndani, hafukuzwi.

"Bundi! Kwetu bundi ni tusi! Yaani mwanangu bwege?"

"Hapana, dada yangu, hapana!" Haradhan, baba wa bibi harusi aliyeagiza kitanda, alidakia. "We Sutapa, watoe! Weka hata kasuku!"

"Tausi," Kesardevi akakata shauri. "Sasa hivi, nikiona. La sivyo kitanda kibaki hapa, na bibi harusi abaki kwao."

Sutapa akashika patasi. Ubao ule wa msaji ulikuwa mkavu. Pigo moja la pupa, ubao wote unapasuka. Mti wa kutoa shingo haukuwepo, wa mkia ndiyo kabisa. Yalikuwepo masikio tu. Akaanza kuyachonga yawe vishungi, huku Haradhan akiita miungu yote kwa zamu. Kwa bundi wa pili, ufa ukachomoza, ukashuka kama uzi, ukatua kwenye jicho. Haradhan akafumba macho yake. Sutapa akageuza patasi, akaufuata ufa uleule, akaufanya unyoya.

Kesardevi akainama.

"Mbona tausi ana uso wa duara?"

"Ameshiba, mama. Si harusini?"

"Na macho yote hayo?"

"Anamchunga mwanao asitoroke."

Kesardevi hakucheka. Akapapasa kishungi, akapapasa mdomo. Haradhan alisahau kupumua.

"Pakieni," Kesardevi akasema mwishowe. "Na cha binti yangu uchonge tausi hawahawa. Mkia usiweke, unakusanya vumbi."

Sutapa aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda kuchagua msaji wa kitanda cha pili.