Kompyuta Kumi na Mbili Chini ya Vitambaa

Kompyuta zipo kumi na mbili. Nimezihesabu mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mjumbe wa bodi ya shule moja ya sekondari hapa Kibaha, na ndiko ziliko. Zimefunikwa vitambaa vyeupe vilivyodariziwa maua, kama makochi ya sebule ya bibi harusi. Mlango una kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwa mkuu wa shule, Mwalimu Telesphory. Chumba hufunguliwa anapokuja mgeni. Akiondoka, vitambaa hurudishwa.

Mwalimu wa kompyuta ni Mwanne Mwinjuma, mzaliwa wa Kisarawe, mkazi wa Mkuza. Miaka mitatu amefundisha kutafuta habari mtandaoni kwa chaki. Huchora ubaoni kisanduku cha kutafutia, mwanafunzi huandika ndani yake, na yeye Mwanne ndiye mtandao: humpa karatasi tatu zenye majibu matatu, mwanafunzi achague la kuaminika na aseme kwa nini.

"Umeandika 'mihogo' basi?" nilimsikia siku moja. "Nikikutuma sokoni nikasema 'lete', utaleta nini? Mihogo ya wapi? Ina nini?"

"Mwalimu, mtandao wako una maswali mengi kuliko polisi!" alijibu msichana wa nyuma, na darasa likaangua kicheko.

"Na wewe karatasi uliyochagua kaandika nani? Anauza nini?"

Msichana huyo, Naila wa kidato cha nne, alikuwa na swali lake la kweli. Shambani kwa baba yake, Kisarawe, mihogo ilikuwa ikiozea ardhini, ndani imeingia ukahawia. Mchuuzi mmoja alikuwa akimshawishi mzee anunue dawa ya kupulizia. Mwanne alitaka Naila alitafute jibu mwenyewe, lakini sheria ya shule humkataza mwanafunzi kushika simu, hata ya mwalimu. Akaenda kuomba ufunguo.

"Subiri ugeni unaokuja kuziona kompyuta upite," alisema Mwalimu Telesphory. "Wanafunzi wako wakipendeza mbele ya mgeni rasmi, ufunguo nitakukabidhi siku hiyo hiyo."

Kupendeza kwenyewe kulikuwa uongo mtupu. Kompyuta hazikuwa na mtandao. Hazijawahi kuwa nao. Kwenye kioo cha moja iliwekwa picha ya ukurasa wenye majibu, na Naila alipangiwa agongegonge vitufe, kisha aigeukie hadhira na kutabasamu. Jambo hilo lilielezwa katika kikao cha bodi, na sisi wajumbe tukatikisa vichwa kukubali huku tukimenya machungwa. Mwanne alilimeza kwa ajili ya ufunguo; mtandao angeuunganisha mwenyewe kwa simu yake.

Siku ilifika. Vitambaa vilitolewa, Naila akagonga, makofi yakapigwa. Mgeni rasmi akafurahi kupita kiasi.

"Hebu binti, nitafutie na mimi. Mvua za vuli mwaka huu zitaanza lini huku Pwani?"

Naila aliandika. Picha haikutikisika. Akamtazama mwalimu wake.

"Mtandao unasumbua kidogo leo, mheshimiwa," alidakia Mwalimu Telesphory.

"Hausumbui," alisema Mwanne, akasimama. "Haupo. Hiyo ni picha, mheshimiwa. Watoto hawa hawajawahi kuzigusa kompyuta hizi ila kwa kukung'uta vumbi."

Nilitarajia mgeni atauliza hata swali moja. Alitazama saa yake.

"Changamoto zipo kila mahali. Ratiba inasemaje?"

Ratiba ilisema pilau. Tukaenda kula. Mimi nilikula.

Mwanne hakwenda. Alimwita Naila barazani, nje ya chumba ambacho tayari kilikuwa kimefungwa, akamkabidhi simu yake.

"Mwalimu, watatufukuza!"

"Mimi tayari. Andika."

Naila aliandika: mihogo, kuoza mizizi, michirizi kahawia, Pwani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa tangazo la dawa.

"Huyu anauza," alisema, akaupita bila kuambiwa. Wa pili haukuwa na jina la mwandishi. Wa tatu ulikuwa wa watafiti wa kilimo: ugonjwa huo hauna dawa, mimea iliyougua ing'olewe na kuchomwa, na mbegu zitoke shamba safi.

"Baba atakasirika, mwalimu."

"Msomee yote. Na umwambie ni nani walioandika."

Mzee Maulidi, baba yake Naila, alikasirika kweli, siku mbili. Ya tatu alimrudishia mchuuzi dawa aliyokuwa ameshainunua, akaanza kung'oa.

Mwanne ameandikiwa barua ya uhamisho kwa "utovu wa nidhamu mbele ya wageni". Bodi imetakiwa kuiunga mkono. Safari hii nimekataa kutia sahihi, nimeandika sababu zangu kurasa mbili, na nimedai kwa maandishi chumba kile kifunguliwe. Sijajibiwa. Jana nilipita pale dirishani; vitambaa vimefuliwa na kupigwa pasi.