Mafuta ya Alizeti Kwenye Cherehani ya Shangazi

Nikiwa na miaka tisa nilijipaka mafuta ya cherehani miguuni, ili ing'ae siku ya Idi. Iling'aa kweli, mpaka vumbi la Chang'ombe lilipoiona; nikarudi nyumbani nimekandikwa kama ukuta. Lakini ujinga huo si kitu. Ujinga wenyewe ulikuwa kuijaza ile chupa niliyoimaliza kwa mafuta ya alizeti ya jikoni, Shangazi asijue.

Nimeyakumbuka haya wiki iliyopita, nilipoifungua cherehani yake kuisafisha. Msinicheke, wenzangu hutembea, mimi hukaa ndani nikasugua vyuma. Nilipoilaza ubavu tu, harufu ya alizeti iliyochacha ikanipiga puani. Kila kiungo kilikuwa kimeshikwa na utando wa kahawia, unanata kama ulimbo.

Shangazi Mwajuma alinilea kwa kushona sare za shule. Kila Ijumaa asubuhi kazi yangu ilikuwa kudondosha mafuta kwenye vitundu vya cherehani. "Tone moja moja, we mtoto! Hukaangi maandazi hapo," alinitania, wala hakujua alivyoukaribia ukweli. Mwanzoni mashine ilikwenda vizuri. Baada ya miezi kadhaa, kanyagio likawa zito. Akawa anashona mkono mmoja wa shati, anapumzika, anasugua magoti. Majirani wakasema ni uzee, naye akaamini. Mwishowe akaifunika cherehani kwa kanga, akaniachia, akanirudisha kwa wazazi wangu mtaa huohuo, akahamia Chemba kwa kaka yake. Mpaka anazikwa huko hakushona tena hata pindo. Nami nilichojua wakati ule ni kwamba sikuchapwa.

Siku tatu nilisugua kwa mafuta ya taa na mswaki mkuukuu. Nikatia mafuta yake halisi, nikagusa kanyagio kwa kidole gumba cha mguu. Kidole kimoja! Gurudumu likazunguka, likaendelea kuzunguka nilipokwisha kuacha.

Mama Zuhura, jirani yetu tangu enzi hizo, akaja akifuata ule mlio. "He! Si ilikufa hii?"

Nikampa shikamoo, nikamweleza yote, na habari ya chupa pia. Akaketi, akakanyaga mara mbili, akauondoa mguu polepole. Hapo machozi yakanitoka.

"Usinililie mimi," akasema. "Nenda Chemba, kaburini, ukamwambie miguu yake ilikuwa mizima."