Kiatu Kimoja Mlangoni

Wakati wa vita nilikuwa mfasiri wa filamu katika chumba kimoja cha video pale Kimemi, Butembo. Nilisimama kando ya televisheni na kuwaelezea watu kwa Kiswahili chetu yale yaliyosemwa kwa Kifaransa. Nilijiona bingwa, na kiburi hicho ndicho kilichoniponza.

Nilipenda filamu za kutisha, hasa mwanzo wake. Gari limesimama kwenye mvua, mlango wazi, injini inanguruma, mtu hakuna. Chini, kiatu kimoja. Mfasiri mjinga angeanza kubwabwaja. Mimi nilinyamaza mpaka watu waache kutafuna karanga, ndipo nikauliza polepole: "Mwenye motokari iko wapi?" Hofu huingia pale usiposema.

Kaka yangu alikuwa mwalimu mjini Beni. Mapigano yalipofika kule, wiki mbili hatukupata habari zake, na mama alikuwa hali wala halali. Barabara ilipofunguliwa nilipanda lori kwenda kumtafuta. Nilirudi kesho yake, nikamkuta mama anapepeta maharage.

"Ulimuona?"

Ningejibu ndiyo, yakaisha. Lakini ulimi uliniwasha.

"Nilifika ku nyumba, mama. Mulangu ilikuwa wazi. Kiatu yake moya, inje. Nikaita. Hapana mutu wa kujibu."

Nikanyamaza, kama nilivyozoea kazini. Mama akaweka ungo chini, akafungua kitambaa cha kichwani kama afanyavyo mwenye kufiwa. Niliona, na bado nikamwacha hivyo kwa pumzi mbili tatu. Pumzi hizo sijajisamehe.

"Iko muzima, mama! Alikuwa nyuma ya nyumba anafula shati!"

Alinichapa kwa sandali, kisha akacheka na kulia pamoja, akawaita majirani niwasimulie tena. Nikasimulia, na chumvi nikaongeza. Mzaha mzaha hutunga usaha.

Miezi michache baadaye kaka alipigwa risasi njiani akitoka shuleni. Habari zilinifikia kazini; nilikwenda Beni bila kumwambia mama, mimi na majirani zake tukamzika huko huko kwa sababu barabara haikuruhusu kumleta nyumbani. Safari nzima ya kurudi niliapa kwamba sitapamba neno hata moja.

"Mama, kaka amekufa. Tumemuzika jana."

Alitabasamu, akavuta kiti chake karibu na changu.

"Donc, mara hii alikuwa wapi?" aliuliza. "Malizia basi, mutoto wangu."